Muhuri Ulioondoka, Tope Lililobaki



Watu wengi hudhani kwamba karatasi ikitolewa nakala ya nyeusi na nyeupe, basi nakala hiyo ni karatasi ileile iliyovuliwa rangi, kama mtu aliyevua kanzu akabaki na fulana: mwili ni uleule. Sivyo. Mashine haiwezi kuvua rangi bila ya kuhukumu. Kwa kila nukta ya karatasi hulazimika kuamua: nyekundu hii iwe nyeusi kiasi gani? Buluu hii ibaki kivuli au ifutike? Na hukumu hiyo hupitishwa na chombo kisichojua lipi ni tarehe ya ndoa, lipi ni muhuri wa Kadhi, na lipi ni doa la chai. Nimeona haki ya mjane ikisimama kwa miezi kwa sababu ya hukumu ya namna hiyo, ndipo nikaona kuwa jambo hili si la kuachiwa vijana wa saiba peke yao.

Tuanze na leso, maana leso haikosekani nyumbani. Chukua leso nyekundu iliyokolea, yenye maua ya kijani. Kwa macho yetu, maua yale yanaonekana tangu ng'ambo ya barabara. Iweke juu ya skana, uiamuru itoe nakala isiyo na rangi: maua hayapo. Leso nzima imekuwa kijivu kimoja kama jivu la mekoni. Wala mashine haikuharibika. Imefanya kama ilivyoagizwa.

Siri yake ni hii. Skana inapomulika kitu, kila nukta huipima mara tatu: mwanga mwekundu ni kiasi gani, wa kijani kiasi gani, na wa buluu kiasi gani. Kila kipimo huandikwa kwa namba, kutoka 0, ambayo ni giza tupu, hadi 255, ambayo ni mwanga kamili. Inapotakiwa kuzigeuza namba tatu hizo kuwa namba moja ya kijivu, hisabu iliyozoeleka ni kuchukua kadiri ya sehemu 30 katika mia za nyekundu, sehemu 59 za kijani na sehemu 11 za buluu, kisha kuzijumlisha. Nyekundu kamili, yenye 255 upande wake na sifuri kwengineko, hutoka 76. Kijani cha 130 nacho hutoka 76. Ndiyo maana maua yamepotea: rangi mbili ambazo hata mtoto hazichanganyi zimeangukia namba moja.

Hisabu hii haikutungwa kwa ajili ya vyeti vyetu. Asili yake ni televisheni. Marekani ilipoingia katika matangazo ya rangi katika miaka ya 1950, wenye seti za zamani hawakutakiwa kuzitupa, basi ikapangwa njia ya kuipata picha ya kijivu ndani ya picha ya rangi. Kijani kikapewa sehemu kubwa kwa sababu jicho la mwanadamu hukiona kuwa king'avu kuliko rangi nyengine, na buluu ikapewa sehemu ndogo kwa sababu hiyohiyo. Kwa sura ya mtu na mandhari ya shamba, hisabu hiyo ni nzuri. Sisi wenye umri wa miaka hamsini na ushei tumekua tukitazama picha za namna hiyo, na hatukupata kulalamika. Lakini cheti si sura ya mtu.

Hayo ni ya kijivu. Nyeusi na nyeupe tupu ina hatua ya pili, nayo ni kali zaidi. Hapo kila nukta sharti iwe nyeusi kabisa au nyeupe kabisa, hakuna baina. Kwa hiyo huwekwa kizingiti, mara nyingi katikati, karibu na 128. Kilichopata namba ya chini ya kizingiti kinakuwa wino. Kilichopata namba ya juu kinakuwa karatasi. Mashine za ofisini na programu nyingi za kuskani kwa simu hupenda njia hii kwa sababu faili lake ni dogo na maandishi ya chapa hutoka yamekatika vizuri. Kwa barua iliyochapwa juzi kwa wino mweusi, sina neno nayo.

Ila sisi wa Ngao na vijiji vya jirani, tangu Garsen hadi Tarasaa, karatasi zetu nyingi si za juzi, na zina adui ambaye mtu wa mjini hamjui. Mto Tana huteremka na udongo wa milima ya bara, na unapofurika huingia nyumbani pasi na kubisha hodi. Uliingia wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ukaingia 2018, ukaingia tena mwisho wa 2023 na katika masika ya 2024. Mtu huwahi watoto, wazee na mbuzi kabla ya kukumbuka sanduku la karatasi. Maji yakishapungua, karatasi huanikwa juani, na kila moja hubakia na ramani ya kahawia ya mahali tope lilipolala. Jirani zetu Wakristo nao huja na vyeti vyao vya ubatizo vina doa hilohilo. Mto hauulizi dini.

Mama mmoja wa vijiji vya mtoni, ambaye sitamtaja jina, alifiwa na mumewe. Marehemu aliacha watoto, kwa hiyo fungu la mjane, kama mjuavyo, ni thumni, moja katika nane. Hakuna aliyeikana ndoa yake. Lakini jalada la mirathi lilihitaji nakala ya cheti cha ndoa, na cheti chenyewe kiliandikwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita kwa kalamu ya biro ya buluu, kikapigwa muhuri wa zambarau, na pembeni juu kina namba iliyochapwa kwa wino mwekundu. Mafuriko yaliacha doa kubwa katikati, juu ya mstari wa tarehe na mstari wa mahari. Alitoa nakala dukani, akaipeleka ofisi moja, akaambiwa: hii haina muhuri, na tarehe haisomeki. Akarudi dukani. Kijana wa pale, kwa nia njema, akaiongeza weusi. Muhuri ukaanza kuonekana, lakini doa likawa jeusi kama makaa, likameza mistari miwili mizima. Akaipunguza weusi, doa likapungua, na muhuri ukatoweka. Mama akaenda na kurudi hivyo, na nauli ya bodaboda ikimwishia.

Aliponiletea, nilikaa na kijana niliyepata kumsomesha Juzuu Amma zamani, ambaye sasa ana duka la kompyuta pale Garsen. Katika elimu hii mimi ndiye mwanafunzi wake, naye bado huniita Maalim, na huona haya kunisahihisha mbele ya watu. Tuliiskani karatasi kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, kisha akanionyesha namba zenyewe. Muhuri uliopauka ulikuwa na nyekundu 140, kijani 130, buluu 210. Doa la tope lilikuwa na nyekundu 170, kijani 110, buluu 60. Tukazipitisha katika ile hisabu ya televisheni: muhuri ukatoka 142, na tope likatoka 122.

Zitazameni namba hizo kwa makini, mama zangu. Tope ni jeusi kuliko muhuri. Ukikiweka kizingiti 128, tope linabaki na muhuri unaondoka. Ukikipandisha hadi 150, muhuri unarudi, lakini tope nalo lipo. Ukikiteremsha hadi 120, vyote viwili vinakwenda. Hakuna mahali popote pa kukiweka kizingiti ambapo muhuri ungebaki na tope likaondoka. Kijana yule wa dukani angeweza kuzungusha kitufe chake hadi Idi na asipate. Kosa halikuwa katika wingi wa weusi, lilikuwa katika hatua ya kwanza: namna rangi tatu zilivyofanywa moja.

Basi tukaiacha ile hisabu. Picha ya rangi ni matabaka matatu, na unaweza kuchukua tabaka moja peke yake ukaliacha jengine. Ukichukua tabaka la nyekundu tu, ni kana kwamba unaitazama karatasi kupitia kioo chekundu: kila chenye wekundu ndani yake hung'aa na kufanana na karatasi. Tope la Tana ni kahawia, na kahawia ina wekundu mwingi. Katika tabaka hilo tope ni 170 na muhuri ni 140. Mambo yamepinduka: sasa muhuri ndio mweusi zaidi. Kizingiti kikawekwa 155, na karatasi ikatoka safi kana kwamba mto haukupata kuingia nyumba ile. Tarehe ikasomeka. Mahari ikasomeka. Mama akasema "Alhamdulillah" na kujifuta machozi.

Kijana akanyamaza, akanyoosha kidole pembeni juu. Namba ya cheti haikuwapo. Wino wake ni mwekundu, na mlango ule tuliomtolea tope ndio huohuo namba ilikotokea. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuna mpangilio mmoja unaofaa kwa kila karatasi, wala hapana mpangilio usiokuwa na hasara. Swali ni hasara ya nini.

Tukafanya shauri la tatu: nusu ya nyekundu na nusu ya kijani, buluu tusiichukue kabisa, na kizingiti tukiache, nakala ibaki ya kijivu. Hapo tope likawa kivuli, lakini biro ya buluu ikakaa juu yake nyeusi na kusomeka, muhuri ukaonekana, namba nyekundu ikarudi mahali pake. Haikuwa nzuri kwa macho kama ile ya pili. Nakala hiyo ndiyo iliyopelekwa, pamoja na cheti chenyewe cha asili mkononi mwa mama, na jalada likapokelewa.

Mtu mmoja msikitini aliniuliza, na swali lake lina uzito: Je, Sheikh, kuliondoa doa si kughushi? Nilimjibu kwamba iko tofauti kubwa baina ya mambo mawili. Ukibadilisha kipimo cha rangi kwa karatasi nzima, kila nukta ikapita katika hukumu moja, umefanya kama aliyeisogeza taa au aliyevaa miwani: hukuongeza herufi wala hukupunguza. Lakini ukichukua brashi ya kompyuta ukalipaka doa mahali pamoja, au ukaikoleza herufi iliyofifia kwa kuikisia, au ukaikata namba nyekundu katika nakala nyengine na kuibandika hapa, hiyo ni ghushi, hata kama namba yenyewe ni ya kweli. Shahidi hakubaliwi kusema alichokisia, ijapokuwa amekisia sawa. Ndiyo maana siku ile sikuruhusu namba ibandikwe juu ya nakala ile safi, ingawa lingekuwa jambo la dakika mbili na pengine pasingetokea wa kugundua.

Katika vyeti vya mama zetu na bibi zetu kuna kitu chengine kinachostahili uangalifu, nacho ni kidole gumba. Wengi hawakutia saini, walitia dole. Alama ya dole ni mistari myembamba iliyopangana kama mawimbi, na thamani yake yote imo katika mistari hiyo. Nyeusi na nyeupe tupu huifanya alama hiyo kuwa tone moja jeusi, au huifuta ikabaki vumbi. Nimeona waraka wa shamba ambao nakala yake ina tone tu chini ya jina la bibi. Anayeutazama hawezi kujua kama lile ni dole la mtu au ni wino uliomwagika. Waraka wenye dole usitolewe nakala ila kwa rangi, na ikishindikana, kwa kijivu.

Sasa nije katika jambo ambalo lilinitia hofu zaidi kuliko cheti. Siku hizi kuna misahafu na majuzuu ya tajwidi yenye rangi: madda kwa nyekundu, ghunna kwa kijani, qalqala kwa buluu, na herufi zisizotamkwa kwa kijivu. Ni msaada mkubwa kwa mtoto, na kwa mama anayemsikiliza mtoto wake nyumbani baada ya Magharibi. Lakini bei yake si ya kila mzazi, kwa hiyo vyuo hupiga fotokopi. Chuo kimoja kilipiga kurasa za Juzuu Amma kwa nyeusi na nyeupe tupu, wakawagawia watoto. Nyekundu, kijani na buluu zikawa nyeusi, sawa, mtoto amekosa msaada wa rangi lakini herufi anazo. Balaa iko katika kijivu. Kijivu chepesi cha namna ile, kikipata 170 kwa mfano, kiko juu ya kizingiti, kwa hiyo kinakuwa karatasi.

Maana yake ni kwamba herufi imeondoka katika maandishi ya Qur'ani. Tazama jina la Sura ya ash-Shams: alifu na lamu zake huandikwa na, neno likiunganishwa na lililotangulia, hazitamkwi, kwa hiyo katika misahafu hiyo huwa za kijivu. Katika kurasa zile za fotokopi, mtoto alikuta wau, kisha pengo, kisha shini. Sauti yake ilikuwa sahihi kabisa! Maalim akimsikiliza hatambui kitu. Lakini mtoto huyo atakapotakiwa kuandika, ataandika alichokiona, na alichokiona si maandishi ya Mus-haf. Kurasa hizo zilikusanywa zote, zikahifadhiwa kwa heshima inayopasa, na zikapigwa upya kwa kijivu, ambapo kila herufi ilirudi, nyengine nyepesi, nyengine nzito.

Jambo hili lilinikumbusha kwamba Umma huu umepata kukutana na tatizo la rangi kabla ya kuwako mashine yoyote. Maulamaa hupokea kwamba Abul Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 wa Hijria, alipotaka kuwalinda watu na makosa ya kusoma, alimwamuru mwandishi wake atie nukta kwa wino usiofanana na wino wa Mus-haf: nukta juu ya herufi kwa fat-ha, chini kwa kasra, mbele kwa dhamma. Nukta hizo zilikuwa nyekundu mara nyingi, na misahafu ya kale yenye nukta nyekundu ingaliko. Fikirini lau misahafu ile ingetolewa nakala kwa tabaka la nyekundu: irabu zote zingeondoka na herufi zikabaki uchi. Na lau ingetolewa kwa hisabu ya kawaida, nukta za irabu zingekuwa nyeusi na kuchanganyika na nukta za herufi. Kwa wino mmoja, mtu asingejua ipi ni ya be na ipi ni ya kasra.

Aliyelitatua ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa karne ya 2 ya Hijria, yule mwanachuoni wa Basra aliyeziweka pia bahari za mashairi ya Kiarabu. Badala ya nukta ya rangi, yeye aliweka umbo: kifungu kidogo juu, kifungu kidogo chini, wau ndogo kwa dhamma, na shadda kwa umbo la kichwa cha shini. Kwa kuwa umbo hutambulikana kwa umbo lake, mwandishi akaweza kutumia wino mmoja. Ndiyo sababu majuzuu tuliyosomea sisi, yale ya karatasi hafifu yaliyochapwa Bombay na Misri, yalikuwa meusi matupu na hatukukosa irabu hata moja. Kila mnapomsikia mtoto akiendeleza "be juu ba, be chini bi", mnasikia kazi ya mtu aliyeiondoa elimu katika hatari ya rangi.

Hata hivyo waandishi wetu wa pwani hawakuiacha nyekundu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa mahali pa kunakili misahafu katika karne za 18 na 19, na misahafu iliyobaki kutoka huko ina wino mweusi na mwekundu na mapambo ya kupendeza. Katika hati nyingi za kale, za Kiarabu na za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyekundu hutenganisha beti au kichwa cha mlango, au hutofautisha maneno ya kitabu na maneno ya sharhe yake. Hati hizi zilipokuwa zikipigwa mikrofilamu isiyo na rangi, kama ilivyokuwa desturi kwa miaka mingi duniani, msomaji wa filamu aliona maneno yote sawa, na mara nyengine hakujua wapi kitabu kimekoma na mshereheshaji ameanza. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule wa Habib Swaleh, ziliponakiliwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, zilipigwa kwa rangi, na hilo ndilo sawa.

Neno moja la pembeni kuhusu picha za zamani, kwa kuwa akina mama ndio wanaozitunza. Filamu za mwanzo hazikuuona wekundu vizuri. Nyekundu ilitoka karibu na nyeusi. Ukiona picha ya kale sana ya biarusi wa pwani naye kajitanda nguo inayoonekana nyeusi, usikimbilie kusema alivaa kaniki. Yamkini ni kisutu, na wekundu wake ndio uliofanywa giza na filamu. Picha hizo nazo, ijapokuwa hazina rangi, ziskani kwa rangi, maana umanjano wa uzee na madoa ya maji ni rangi, na ukiwa na matabaka yote unaweza baadaye kuchagua lile ambalo doa lake ni jepesi. Kwa doa la manjano au kahawia, epuka tabaka la buluu. Hapo doa huwa jeusi kuliko kitu chochote.

Watu huniambia: lakini rangi ina faili kubwa, na ofisi zinataka faili dogo. Ni kweli. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una nukta karibu milioni 8.7, kwa rangi, kabla ya kubanwa, ni kama megabaiti 26, kwa kijivu kama 8.7, kwa nyeusi na nyeupe tupu kama megabaiti 1 na kitu. Lakini faili la rangi hubanwa likawa dogo sana na bado likasomeka, na kijana yeyote wa saiba anajua kulibana. Hifadhi lile kubwa la rangi nyumbani, katika simu na katika flashi ya pili iliyo kwa jamaa anayekaa mbali na mto. La kupeleka ofisini litolewe kutoka kwa hilo. Kutoka rangi unaweza kufanya kijivu mara mia, kila mara kwa hukumu nyengine. Kutoka nyeusi na nyeupe tupu huwezi kurudi kokote.

Kwa anayetaka kujifanyia mwenyewe, programu ya GIMP hutolewa bure, na katika menyu yake ya rangi ipo sehemu ya kuchanganya matabaka yenye vitelezo vitatu: nyekundu, kijani, buluu. Doa la tope, pandisha nyekundu. Muhuri au namba nyekundu, pandisha kijani na uteremshe nyekundu. Vyote viwili katika karatasi moja, changanya, na usiweke kizingiti. Katika simu, ukimaliza kupiga, itazame ile orodha ya namna za picha chini ya kioo na uchague ya rangi kabla ya kuhifadhi. Mara nyingi simu huwa imekwisha kukuchagulia. Kisha weka nakala na cheti ubavuni kwa ubavu, uhesabu: muhuri upo? Namba ipo? Dole lina mistari? Tarehe inasomeka? Hesabu hiyo haitaki kompyuta, na bibi asiyejua kusoma anaweza kuifanya vyema kuliko karani mwenye haraka.

Hapa Ngao tumekubaliana kuifanya kazi hii kabla ya masika, baada ya Alasiri, siku za Jumamosi, uani mwa chuo ambako mwanga ni mzuri. Leteni vyeti vya ndoa, vya talaka, vya kuzaliwa, hati za mashamba na barua za wazee. Msivipige pasi kuvinyoosha, maana joto huutawanya wino wa muhuri. Msivitie plastiki ya moto, kwa kuwa hung'aa chini ya taa ya skana na haivuliki tena. Kilichoganda na chenzake msikibandue. Kileteni kama kilivyo, ndani ya kitambaa kikavu.